Nilimwambia mpwa wangu tovuti yake ya kazi ni rahisi, na mimi mwenyewe ilinishinda

Admin, ficha jina langu kabisa, huku Kericho mimi ni mtu wa kujulikana. Niko na miaka 54, bibi mmoja na watoto wanne. Shule niliachia darasa la sita, lakini hiyo ni watu wachache wanajua. Nilifanya kazi miaka mingi kwa kiwanda cha chai, na nikirudi nyumbani nilikuwa nawaambia watu ni mimi naendesha kompyuta ya kiwanda. Eti siku moja ilizima, meneja akashika kichwa, nikaigusa kidogo ikawaka na chai ya nchi nzima ikaendelea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabeba magunia ya majani kupeleka kwa mzani. Kompyuta niliiona kwa dirisha.

Sasa mtoto wa dada yangu amesomea hayo mambo. Mashine za kuchuna chai zilipokuja, akina mama wengi waliachishwa kazi, bibi yangu akiwa mmoja wao. Huyu msichana akatengeneza tovuti ya kutafuta kazi ndio hao mama wapate vibarua kwa simu. Akaniletea mimi kwanza. "Anko, wewe ndio unajua kompyuta huku. Itumie wiki mbili. Pahali utakwama, andika kwa hii karatasi."

Nilikwama ukurasa wa kwanza. Kila kitu ni Kiingereza. Inataka email, inataka CV, na ukibonyeza bila kujaza inatoa maneno mekundu, inakurudisha juu. Nilijaribu siku tatu nyuma ya zizi la ng'ombe mtu asinione. Kisha nikajaza karatasi yake: hakuna shida, hakuna shida, mpaka chini. Nikaongeza ati hata kompyuta ya kiwanda haikuwa nzuri hivi.

Akaamini. Juzi akaita akina mama kwa ukumbi wa kanisa, Kapsoit. Saa nzima ikaisha na hakuna hata mmoja amepita ukurasa wa kwanza. Mama mmoja akasema, "Mwanangu, hii inaniuliza mambo ya karani. Mbona haiulizi nachuna kilo ngapi kwa siku?" Wakacheka. Mpwa wangu hakucheka. Akanigeukia. "Anko, hapa wewe ulipita namna gani?"

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Tovuti haina makosa. Ni hawa hawajasoma."

Bibi yangu alikuwa amekaa mbele. Yeye ndiye hunisomea barua za Kiingereza zikija. Alifunga leso yake vizuri, akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Sasa mpwa wangu anasema hao mama atawaacha, tovuti ataigeuza iwe ya vijana waliotoka chuo. Anamaliza Ijumaa. Alinipigia simu kunishukuru: "Anko, bila wewe ningefikiria ni mimi nilikosea." Tangu hiyo siku ya kanisani, bibi ananipakulia chakula na kusema neno moja tu, "Kula, bwana kompyuta."

Nikisema ukweli, atairekebisha na hao mama watasaidika, lakini ukoo wote utajua vile nimekuwa nikiwadanganya. Nikinyamaza, bibi yangu na wenzake watakosa kazi juu ya mdomo wangu. Nitamwangaliaje huyo mtoto, na nianzie wapi? Niambieni kabla ya Ijumaa, na mniandikie Kiswahili tafadhali. Mkiandika Kiingereza nitajifanya tu nimeelewa.