Mazoezi Tu, Hakuna Neno

Kijijini kwetu, kati ya Wema na Garsen, mtu mzima hakimbii alfajiri. Mtoto anaweza kukimbia, na mbuzi, na kuku aliyeona wageni wakiingia. Lakini mtu mzima akitokea upande wa mto mbio mbio kabla jua halijachomoza, sisi hatumuulizi kuna nini. Tunakimbia kwanza. Maswali tutaulizana huko mbele, wale tutakaofika. Ni somo tulilofundishwa mwaka ule wakulima na wafugaji walipouana, na waliolifeli tuliwazika, wao kwao na sisi kwetu.

Mke wangu hakuwapo mwaka ule. Alikuwa mbali, chuoni, akisomea uuguzi. Vita alivisikia kwa simu. Ndiyo maana aliponunua raba za kukimbilia hakuwaza neno, na mimi niliyekuwa na la kuwaza nilikuwa nimelala.

Kulala ndiyo kazi pekee niliyoifuzu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa. Nina shamba la ndizi, na mpunga kidogo mto ukipenda, nina kuku, na wakati ule nilikuwa na mama. Nikifika Garsen kununua sukari najihesabu nimesafiri. Nikiona basi la Lamu linapita, nawaonea huruma wote waliomo. Anayetoka ni mke wangu. Yeye ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na mimi huitwa "bwana wa sista". Huitika vizuri tu. Si kila mtu ana cheo.

Jioni moja alirudi kazini na habari kwamba chuo cha tiba cha jeshi kitachukua wauguzi wachache walio raia, kiwafundishe nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa kwa dawa apasuliwe bila kusikia, kisha kumwamsha.

"Kumwamsha ndiyo kazi yenyewe," aliniambia. "Kulaza hata wewe unaweza."

"Jeshi? Na wakikupa bunduki?"

"Raia hapewi bunduki. Lakini nitapimwa mbio kama wao, na nikishindwa narudi kwako."

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akauliza kwa nini mkamwana wake asiende kusomea kwa watu wa kawaida, wasiokuwa na kelele.

"Kwa sababu wale, mama, hufundisha kulaza mtu hemani. Umeme hakuna, barabara hakuna, daktari ni mmoja. Unanielewa?"

"Nimekuelewa," mama akasema, akapuliza pumba. "Kumbe somo lenyewe ni Garsen."

Tulicheka, lakini si sana. Mafuriko yaliyopita, mke wangu alimsindikiza mwanamke mjamzito aliyeletwa kwa mtumbwi kutoka Ozi, mtoto amekaa vibaya tumboni. Chumba cha upasuaji kilichokuwa karibu kilikuwa na kitanda, taa na daktari. Hakikuwa na mtu wa kulaza. Wakaelekezwa pwani, na barabara ya pwani ilikuwa imekatwa na maji. Wakangoja pale ukingoni chombo cha kuwavusha. Yule mwanamke alikufa amemshika mke wangu kidole. Mke wangu aliporudi nyumbani alikaa na kidole kile amekinyoosha, hataki kukikunja. Nilimletea chai, akainywa kwa mkono wa pili. Siku ile nilijua ataondoka. Nilichokuwa naomba ni achelewe.

Basi akaanza kujiandaa, na mimi nikawa mgonjwa wake. Jioni alinilaza kwenye mkeka, akaniinua taya, akaniambia nipanue mdomo nitoe ulimi, akanimulika kwa simu. Kumbe makoo nayo yana madaraja: kuna ambayo ukichungulia unaona mpaka nyuma, na kuna ambayo unaona ulimi basi.

"Daraja la mwisho," akasema. "Shingo fupi, ulimi mnene. Wewe ukiletwa kwangu nitaomba likizo."

"Hata shuleni alikuwa wa mwisho," mama akamjulisha.

Zamu ya mama ilipofika, alipanua mdomo wake usio na meno mpaka nikaogopa. Mke wangu akachungulia akasema, hili sasa ndilo koo, hii ni barabara ya lami. Mama aliitembeza sifa hiyo kwa majirani siku nyingi. Lakini nilimwona mke wangu alipoweka sikio mgongoni kwake, chini kabisa ya mbavu. Alisikiliza sana, akauliza kama kikohozi kile ni cha zamani, halafu hakutania tena jioni hiyo.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya mbio alitoka alfajiri amevaa suruali ya michezo na leso juu yake kwa heshima. Alifuata tuta la mto, na kwenda hakukuwa na shida, watu walikuwa bado ndani. Shida ilikuwa kurudi. Wanawake walikuwa wameteremka kuchota maji. Wakaona mtu anachomoza kwenye kona ya mathenge, vichaka vile vya miiba vilivyotumezea njia, anakimbia, ukungu nyuma yake. Wa kwanza alitupa mtungi. Wa pili akapiga ukemi, yowe la hatari. Mke wangu aliposikia ukemi na kuona wenzake wanatimka, alijua kuna kitu mgongoni kwake, kiboko au watu, naye akaongeza mwendo. Wao walipomwona anaongeza, wakaongeza. Kijiji kizima kilifukuzwa na mtu mmoja aliyetaka tu asiachwe nyuma.

Mimi niliamka ukemi uko mlangoni. Nikaenda kumshika mama mkono. Mama, aliyelalamikia magoti tangu nipate akili, alikuwa ameshanipita. Nilimwona mgongo tu, akikata kona ya banda la kuku kama msichana, kuelekea kwenye mpunga, kulekule alikojificha mwaka ule akapona. Mbele yake kulikuwa na mfereji. Mwaka ule aliuruka. Safari hii hakufika ng'ambo.

Aliyemfikia kwanza ni mke wangu, maana ndiye aliyekuwa na raba. Aliutazama mguu wa mama, ulivyolala kwa nje, mfupi kuliko mwenzake. Mama naye, matope usoni, akamuuliza, "Wako wapi?"

"Nani, mama?"

"Wanaokuja."

"Hakuna anayekuja. Ni mimi."

Hospitalini walipiga picha wakasema nyonga imevunjika. Daktari, kijana mpole, alisema ingefaa apasuliwe mapema, ila mtu wa kulaza hayupo na hajui atarudi lini, na kwa kifua kile hata hospitali kubwa ya pwani watasita. Mke wangu alisimama ameegemea ukuta wa wodi. Kidole chake kilikuwa kimenyooka tena. Tukangoja. Mama akachoka kabla yetu. "Nirudisheni," akasema. "Kama ni kulala, nitalala nikisikia kuku wangu."

Tukamrudisha. Mguu ukafungwa, ukaning'inizwa mfuko wa mchanga uuvute. Hakuna aliyemlaumu mke wangu. Walikuja wale wale waliotupa mitungi, wakaleta samaki na ndizi za kupika, wakaketi, wakazitazama zile raba pale ukutani zilikotundikwa, wakaaga. Afadhali wangetukana. Hata mama mmoja wa Kiorma, wa wale wafugaji, anayetuletea maziwa, ambaye siku ile naye alikimbia upande wao na ndama kifuani, alikuja kumpa mama pole. "Sisi pia mbio," alisema. "Mimi nasema nyinyi nakuja. Nyinyi nasema sisi nakuja." Mama akamwambia akae, akakaa.

Mke wangu hakukimbia tena. Vitabu akavifunga. Akawa anatoka kazini, anamgeuza mama asipate vidonda, anampigapiga mgongo makohozi yatoke, analala. Siku alipopigiwa simu kuambiwa tarehe ya kwenda kupimwa, alisema asante, akaikata, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nami, Mungu anisamehe, moyo wangu ulitulia. Nikajiambia basi, imepita, atabaki.

Mama aliisikia ile simu. Koo la lami, na masikio vilevile.

"Mwanangu, mbona hukimbii?"

"Nitakimbiaje, mama? Tazama mbio zangu zilivyokufanya."

"Ndiyo maana nauliza. Nimevunjika kwa mbio zako. Ukiziacha, nimevunjika bure."

Mke wangu akainama, akajifanya anafunga mfuko wa mchanga.

"Watu wataogopa tena," nikasema mimi, kwa sauti ya mtu mwenye hekima. Nilikuwa na sababu zangu.

"Wataogopa wasipoambiwa," mama akasema. "Wewe si una baiskeli? Tangulia. Pita ukipiga kelele watu wajue. Hiyo kazi haiwezi kukushinda, mdomo unao, ulimi mnene tumeambiwa."

Mwenyekiti wa kijiji akakubali, akatangaza kanisani na akatuma neno kwa wafugaji. Na hivyo ndivyo mimi, niliyekuwa sijui jua linachomoza upande gani, nikawa naamka kabla ya jogoo, napanda baiskeli, kitambi kimelala juu ya usukani, natangulia kwenye tuta nikipayuka: "Mazoezi! Mazoezi tu! Hakuna neno!" Nyuma yangu mke wangu anahema. Nikipunguza, ananifikia na kunipiga begani.

Wanawake wachota maji walipata la kusema. "Bwana wa sista, umekimbia deni la wapi?" "Sista, mshike leo, asiponyoke!" Vijana wachunga ng'ombe wakawa wananijibu ng'ambo ya mto kwa sauti yangu hiyohiyo, "Hakuna neno!" mpaka ng'ombe wakazoea. Lakini asubuhi za mwanzo niliona. Walicheka, na huku wameshika watoto mikono. Mmoja alicheka amesimama ndani ya maji, mtungi hajauacha, macho yako nyuma yetu, yanahakikisha.

Mke wangu alikwenda kupimwa, akarudi na vidonda vya miguu na habari kwamba amepita. Mama aliomba aelezwe mbio zote, tangu filimbi. Alikuwa amekonda, na ule mkoromo uliosikika chini ya mbavu ulikuwa umepanda kifuani. Mke wangu alinifundisha kumketisha, kumgeuza, kusikiliza. Akanionyesha namna ya kuhesabu pumzi kwa kutazama tumbo. Nikawa mzuri. Ni kazi ya kukaa, na mimi kukaa nimezaliwa nako. Asubuhi moja nilikuwa natazama tumbo lile, mkono juu yake, nikingoja lipande. Nikangoja. Mke wangu akaja akaniondoa mkono taratibu.

Tulimzika kando ya shamba la ndizi. Wanawake wa kanisa waliimba, na waombolezaji wakalala uani kwenye mikeka, kama ilivyo desturi. Na siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imeangukia katikati ya matanga.

"Mkamwana hatoki matanga hayajaanuliwa," alisema mama yangu mdogo, ndugu wa mwisho wa marehemu, mbele ya watu. "Aliyezikwa ni mama mkwe wake. Na sote tunajua alianguka kwa nini."

Mke wangu aliinuka akaingia ndani, nikamfuata. Begi lilikuwa tupu kitandani.

"Nitakaa," akasema. "Wakinipa nafasi mwaka mwingine, sawa. Wasiponipa, sawa."

Maneno yale niliyaombea mwaka mzima. Sasa yalikuja, na kitanda cha mama kilikuwa pale nyuma yake, godoro limekunjwa. Nikaanza kutia nguo zake begini.

"Kukaa ni kazi yangu," nikamwambia. "Usininyang'anye, sina nyingine."

Alfajiri, bodaboda tuliyemwagiza hakutokea. Nikaenda kuchukua baiskeli, nikaikuta imelala kwenye miiba, gurudumu limeisha pumzi. Basi halingoji mtu.

"Tukimbie," mke wangu akasema.

"Mimi?"

"Si wewe unayetangulia?"

Nikajitwika begi kichwani. Tulitoka nyuma ya banda la kuku, tukapita ukingoni mwa ua ambamo watu wote wale walikuwa wamelala, watu ambao kila mmoja ana mtu wake aliyemkimbia akamwacha au aliyekimbia naye. Nikafungua mdomo nitangaze. Sauti haikutoka. Ile pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ya miguu tu, na miguu yangu, ambayo haijakimbia tangu mwaka ule, ilikuwa ikipiga ardhi kama mtu anatwanga. Nikageuka nikijua nitaona ua mzima umesimama.

Mwanamke mmoja aliinua kichwa. Alikuwa yule yule aliyetupa mtungi wa kwanza. Akatutazama.

"Ni sista," akasema, akavuta leso, akalala.

Hakuna mwingine aliyeamka. Mama mdogo, ambaye najua hakuwa usingizini, alijigeuza akatupa mgongo.

Tulilipata basi. Mke wangu alipanda akihema, akanipa mkono dirishani, nikamshika kidole kimoja, kile, mpaka gari lilipoanza kwenda. Halafu nikarudi nyumbani kwa miguu, pole pole, kama mtu mzima.