Mjomba Alipoungama Mbele ya Askari

Waliookoka wa shamba letu la Subukia walikuwa na desturi moja. Kila Jumapili jioni, ndani ya banda la kukaushia maua ya pareto, mtu alisimama akataja dhambi zake mbele ya wote. Huyu amemsengenya jirani, yule ameonja maziwa ya mzungu mwenye shamba. Mjomba wangu hakukosa hata siku moja. Mimi, niliyeacha shule mapema nikawa mtu wa kuzurura shamba hadi shamba, niliwacheka, ila niliketi nao. Nilitaka kujua mtu anasikiaje akisema kweli bila kulazimishwa.

Wakati wa hali ya hatari, serikali ya wakoloni ilipowasaka wapiganaji wa msituni, askari walitupanga wanaume wote uwanjani. Mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho, akapita mbele yetu kuwaonyesha waliokula kiapo cha wapiganaji hao. Akikuinamishia kichwa, umekwisha. Alimpita mjomba kimya, nami nikapumua. Kisha ofisa mzungu akauliza kama kuna mwenye jambo la kuungama.

Mjomba akanyoosha mkono.

"Shusha mkono, mjomba!" nikamnong'oneza. "Hapa si bandani."

"Mungu ni yule yule," akasema, akatoka mstarini. "Kiapo sikula, bwana. Lakini watu wa msituni walikuja na njaa, nikawapa ugali. Tena nimekuchukia wewe moyoni. Nisamehe."

Askari mmoja akaangua kicheko. "Huyu amejifunga mwenyewe, kamba ya nini tena?"

Wakamtupa ndani ya lori. Mtu aliyekula kiapo, nami namjua vizuri, alibaki mstarini kando yangu, mdomo kafunga, halafu akaenda kukamua ng'ombe.

Jumapili hiyo nilisimama bandani kwa mara ya kwanza.

"Sina dhambi ya kutaja," nikasema. "Nina swali, na siwaulizi ninyi. Mungu, wewe ndiwe uliyemfundisha mjomba kusema kweli. Alipoisema ulikuwa wapi? Mwongo yuko nyumbani anakunywa uji. Unaona, ama huoni?"

Mzee wa kanisa akaruka. "Kijana, unakufuru!"

"Mwache," akasema mke wa mjomba, mtoto mgongoni. "Huyu angalau anaongea na Mungu. Wewe umekuja kwangu kila siku kuniambia nivumilie tu." Akanigeukia. "Umemaliza?"

"Bado, mama."

"Basi endelea. Ukichoka nitakupokea."

Niliendelea mpaka koo likakauka. Ndipo akasimama yeye, na maneno yake yalikuwa makali kuliko yangu.

"Baba, mume wangu alikuamini, wakamchukua. Nami bado nakuamini, sina mwingine wa kumlilia. Lakini huyu wa mgongoni karibu ataanza kuongea. Nimfundishe kusema kweli, ama nimfundishe kunyamaza? Nijibu, Baba. Siondoki hapa."

Akaketi chini. Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

Mjomba hakurudi. Nimelipeleka swali lile Nakuru, nimelipeleka Keringet, kila nilikolala, na kila mara naliuliza nikiwa na hasira, nikiwa nimepiga magoti.