Umefikia kwa Nani?

Neno "kutambua" lilikuja kwetu kwanza kama kitisho. Mama alikuwa akianika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na akitukuta tunairushiana alisema bila kupandisha sauti, "Leo mtanitambua." Tulikuwa tunamtambua kweli, kwa ufito. Baadaye tulicheka naye jikoni kama hakuna kilichotokea.

Mara ya pili nililisikia ufukoni. Mtumbwi ulirudi bila baba, na siku alipopatikana wanaume walijipanga mbele yetu ili tusione vizuri. Mmoja akauliza, "Nani hapa anamtambua?" Mama alikuwa amekaa mchangani, hawezi kusema. Nikajibu mimi. Nilimtambua kwa kiraka cha kaptula, maana nilikuwa nimekishona mwenyewe.

Mama naye aliugua mwaka uliofuata, hakupona. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Tulibaki wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu aliyekuwa hajaanza shule. Kijiji chetu kiko kwenye rasi, maji ya ziwa pande zote isipokuwa njia ya kwenda Musoma, na chakula hakikuwa taabu sana. Mihogo ilikuwepo, samaki wadogo wa furu walikuwepo, na wavuvi waliomjua baba walitutupia samaki wakipita. Taabu ilikuwa vitu vya dukani.

Hiyo ilikuwa miaka ya duka la kaya. Sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya taa vilikuwa haba kiasi kwamba havikuuzwa kwa kila mwenye pesa. Viligawiwa kwa kaya, na mkuu wa kaya ndiye aliyeitwa dirishani. Tulifua kwa majani ya mpapai. Watu waliwahi foleni kwa kuweka mawe, kila mtu jiwe lake, kisha wanakwenda shamba na kurudi. Langu lilikuwa na mstari mweupe katikati. Hakuna aliyewahi kulisogeza, na nikikumbuka miaka ile nakumbuka jiwe lile kabla sijakumbuka shida.

Siku ya kwanza nilipofika dirishani baada ya msiba, muuzaji aliniuliza, "Mkuu wa kaya nani?"

"Baba."

"Yuko wapi?"

"Alifariki. Na mama pia."

Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama, akamtazama balozi wetu wa nyumba kumi aliyekuwa amekaa pembeni kusimamia ugawaji. Balozi alipenda Kiswahili cha mikutano. Akasema taratibu, kana kwamba anasoma, "Kaya hiyo kwa sasa haitambuliki. Mpaka ndugu wakae."

Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu. Kitinda mimba akauliza wamesema nini.

"Wamesema hatutambuliki."

Akafikiri kidogo. "Dada, mimi niliachaga kutambaa zamani."

Wakubwa wake walianguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo ikawa mchezo. Akitaka kitu alitambaa mlangoni, anasema, "Haya, mnitambue." Nami nilicheka, lakini lile neno "mpaka ndugu wakae" lilikuwa limenikaa kifuani. Nilijua ndugu wakikaa kikao watatugawa. Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa yatima wa jirani, na hawakuwahi kulala tena chini ya paa moja.

Baba mdogo alitoka Bunda na baiskeli, akafika jua likiwa bado juu. Alikuwa na uso wa baba, na hilo lilinifanya nishindwe kumchukia. Nilimnawisha, nikamwekea ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa, na furu. Alikula vizuri, akasema kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa:

"Kesho naondoka na hawa wawili. Huyu mdogo shangazi yenu wa Butiama atakuja kumchukua. Wewe binti yangu umeshakuwa mkubwa. Utaolewa tu."

"Na nyumba, baba mdogo?"

"Nyumba ya udongo hiyo. Mvua itaichukua."

Wadogo zangu waliacha kutafuna. Mimi niliondoa vyombo, nikajifunga kanga ya mama, nikatoka. Wakati ule mgeni akilala kwako ilikuwa sharti utoe taarifa kwa balozi. Mama hakuwahi kuacha, hata mgeni akiwa dada yake wa tumbo moja. Njiani nilijirudia maneno ambayo mama alizoea kumwambia balozi, na kila nilivyoyarudia niliona kuna neno moja ndani yake linaloweza kutusaidia.

Balozi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikasema, "Nimekuja kutoa taarifa. Nina mgeni."

"Kuna mgeni," akanisahihisha.

"Nina mgeni, balozi. Amefikia kwangu."

Aliacha kupukuchua. Mkewe akacheka mlangoni, "Umesikia lakini? Amefikia kwake." Balozi hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na shati lake la kijani, lile la mikutano. Tukaongozana. Sikujua kama anakuja kunisaidia au kunikaripia mbele ya watu.

Alipofika alibisha hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi. Baba mdogo akaitikia, "Karibu." Balozi akabaki palepale nje, akabisha tena. Ndipo nilipoelewa. Nikasema mimi, "Karibu," naye akaingia.

"Mgeni, habari za safari," alisema. "Umetoka wapi, na hapa umefikia kwa nani?"

"Mimi si mgeni, mzee. Hii ni nyumba ya kaka yangu."

"Kaka yako tulimzika. Kama si mgeni, basi wewe ni mkazi, na nafurahi kukupata. Kesho asubuhi wakazi wote wako kwenye shamba la pamba la kijiji. Na kodi ya maendeleo, sijakuona ukilipa hapa."

"Kodi nalipiaga Bunda."

"Basi wewe ni wa Bunda. Hapa umefikia kwa nani?"

Baba mdogo alitazama paa, akatazama kikapu, akatutazama sisi mmoja mmoja. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amemshika kitinda mimba kwa nyuma ya shati asije akatambaa.

"Kwa huyu binti," alisema mwisho.

"Huyu binti ni nani hapa?"

Kisha baba mdogo akavuta pumzi, na nilimwona mabega yakishuka, kama mtu anayetuliwa mzigo. Baadaye sana, nilipoona watoto aliokuwa nao kule Bunda na chakula walichogawana, niliyaelewa mabega yale.

"Mwenye nyumba," alisema.

"Ndugu wameshakaa, basi," balozi alisema. "Na mgeni akiondoka anaaga. Habebi watoto wa mwenye nyumba."

Asubuhi baba mdogo aliaga. Alifungua mfuko wake, akatoa kipande cha sabuni alichokuja nacho, akakikata kwa uzi katikati, akaniachia nusu. Shangazi wa Butiama alipokuja, alikuja kutusalimia tu, na kuku chini ya kwapa. Naye nilimtolea taarifa.

Wiki ile ya mgao nilisogeza kikapu dirishani. Muuzaji akamtazama balozi, balozi akasema kwa sauti ya mkutano, "Kaya hiyo inatambulika." Kitinda mimba alikuwa kando yangu, miguu yote miwili imesimama. Sukari tuliyopewa haikujaza bakuli. Tuliilamba kwanza kwa kidole, mmoja mmoja, ndipo nikaifunika.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuleta bidhaa na kuuza. Sabuni ikaonekana kwenye kila kibanda, mitumba ikajaa soko la Musoma, na kwenye duka la kaya wakawa wanafungia mbuzi. Aliyekuwa na pesa alinunua, hakuna aliyemuuliza mkuu wa kaya ni nani. Lilikuwa jambo jema, na wadogo zangu walisoma kwa samaki niliowauza miaka hiyo. Lakini nilikuwa nikipita pale nalitafuta jiwe langu kwa macho.

Siku hizi kutoa taarifa ya mgeni ni jambo la kizamani. Mimi bado naenda. Mwenyekiti wetu wa sasa ni kijana, huwa anacheka, "Mama, si ungenipigia simu tu?" Namwambia nimezoea kutembea.

Kitinda mimba wetu sasa ana mvi. Akija kutoka Musoma na wanawe, huegemea mlango na kunitania kabla hajaketi. "Dada, umeshanipeleka kwa balozi?"

"Sijakupeleka."

"Kwa nini? Watakukamata."

"Napelekaga wageni," namwambia. "Ingia, ugali unapoa."