Epifania wa Swichibodi na Seva ya Katandala

Kabla hajawa mtu wa kompyuta, Epifania alikuwa mtu wa simu. Miaka kumi na saba alikaa mbele ya swichibodi mjini Sumbawanga, akichomoa waya huku na kuchomeka kule, Mbeya ikimwita, Mpanda ikimwita, na watu wa mjini wakiijua sauti yake kuliko sura yake. Kisha ikaletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, na mwaka 1995 akapunguzwa kazini akiwa na miaka arobaini na miwili. Akarudi kwao Mpui, akalima ulezi misimu mitatu. Aliposikia kwamba mtaa wa Katandala, mjini Sumbawanga, kinafunguliwa kituo cha habari za wakulima na wafugaji, alichukua vyeti vyake akaenda kuomba kazi yoyote yenye waya ndani yake.

Walimpa ufagio. Baada ya miaka minne, mtunzaji wa seva alikuwa yeye.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta moja isiyozimwa, iliyobeba kurasa za kituo: siku za minada, tarehe za chanjo za ng'ombe, ghala lipi limepokea mbegu. Aliyeomba ukurasa, awe ofisi ya kijiji iliyounganishwa kwa redio au mnunuzi wa mahindi aliyeko Tunduma, seva ilimpelekea. Tatizo lilikuwa asubuhi za kuelekea mnada. Waombaji walijaa, mashine ikaelemewa, ikaduwaa.

Ndipo Novemba 2003 mkuu wa kituo, Adriano, alipomwita fundi kutoka Mbeya. Shedrack alifika na sidii yenye toleo la pili la Apache, programu ileile ya kupeleka kurasa waliyokuwa wakiitumia, ila mpya.

"Shikamoo mama. Hii tunaifunga leo, kesho alfajiri niko kwenye basi."

"Marahaba. Hebu nieleze kwanza, kimebadilika nini?"

Shedrack aliipenda kazi yake, akaeleza kwa raha. Toleo la zamani lilimpa kila mwombaji mhudumu wake mzima, anayekula nafasi yake kwenye kumbukumbu ya mashine. Jipya liliweza kumweka mhudumu mmoja mbele ya watu ishirini na tano kwa mara moja, kila mtu na uzi wake. Tena liliweza kuzibana kurasa ili zipite upesi kwenye laini nyembamba. Na mtu akikosea, lilimjibu kwa lugha yake.

Epifania akacheka. "Huyo wa watu ishirini na tano namjua, nilikuwa mimi. Lakini akizubaa kidogo tu, anamwunganisha padri na muuza nyama."

"Mama, toleo hili limejaribiwa dunia nzima."

"Dunia nzima haina moduli yetu."

Moduli hiyo ilikuwa programu ndogo iliyopachikwa ndani ya seva kupanga majedwali ya vijiji. Aliyeiandika alikuwa mfanyakazi wa kujitolea, naye alishaondoka siku nyingi. Epifania akachapisha maelezo ya kuhama kutoka toleo moja kwenda jingine, kurasa kumi na moja, akakaa nayo na kalamu nyekundu. Akapigia mstari amri za faili lao la mipangilio ambazo zilikuwa zimefutwa kwenye toleo jipya. Akapigia mstari mahali palipoandikwa kwamba moduli za zamani lazima zijengwe upya, na mara mbili palipoonya kuhusu moduli zisizo salama kwa nyuzi, yaani zinazoweza kuchanganya mambo ya watu wanaohudumiwa pamoja.

Basi la alfajiri liliondoka bila Shedrack. Adriano alinuna kidogo, maana alishazitangazia ofisi za vijiji, lakini hakumpinga Epifania.

Toleo jipya waliliweka kwenye folda yake, likipokea maombi ya majaribio kwenye mlango namba 8080 wa mashine, huku la zamani likiendelea na kazi kwenye mlango wake wa siku zote. Moduli wakairekebisha ili ikubaliwe na toleo jipya. Kisha Epifania akampigia simu Silvana, karani wa ofisi ya Mpui, auombe ukurasa wa Mpui wakati yeye mwenyewe akiuomba wa kijiji cha Pito.

"Haya, sasa!"

Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili sawa. Mara ya tatu Silvana akasoma: "Chanjo ya Mpui, Jumatano tarehe kumi na tisa."

Jumatano ilikuwa ya Pito. Mpui ilikuwa Ijumaa. Epifania aliwaona akilini wafugaji wa Mpui wakiswaga ng'ombe tangu alfajiri kwenda kwenye josho lisilo na daktari.

Shedrack akasema polepole, "Ningefunga jana, ningekuwa nimeshafika Mbeya."

"Hukufunga. Niambie, ule mtindo wa mhudumu mmoja, mtu mmoja, wameuacha kabisa?"

"Hapana, upo. Unauchagua wakati wa kulijenga."

"Na kubana kurasa tutabaki nako?"

"Tutabaki nako."

"Basi jenga hivyo."

Walijaribu siku nne, na jedwali halikukosea kijiji hata mara moja. Jumatatu saa nne asubuhi wakabadilisha, folda ya zamani ikabaki pembeni bila kuguswa. Ukurasa uliochukua dakika nzima kufika Mpui ukafika kwa sekunde kumi na nne. Na kwa kuwa kila mwombaji alihudumiwa upesi akaondoka, wahudumu wachache wakatosha. Mashine haikuduwaa tena.

Kabla ya kuondoka, Shedrack aliomba nakala ya zile kurasa za kalamu nyekundu, kisha akamwonyesha Epifania majibu ya makosa: Kijerumani, Kifaransa, Kiholanzi.

"Kiswahili kiko wapi?"

"Hakipo."

"Wanamngoja nani?"

Aliyaandika mwenyewe kwa siku tatu, akifuta na kurudia.

Wiki iliyofuata mzee Masunga, mfugaji aliyehamia Rukwa na ng'ombe zake kutoka Usukuma, alikosea kuandika anwani ya ukurasa wa minada kwenye kompyuta ya wageni pale kituoni. Kwenye kioo akasoma: "Ukurasa huu hatunao. Pengine herufi moja imekosewa. Itazame tena, au umwone Epifania, chumba cha pili."

Akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mashine imenituma kwako."

"Shikamoo baba, karibu," Epifania akasema, akimvutia kiti. "Tuitafute hiyo herufi."