Siku Niliyokwenda Lumemo Mwenyewe

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo tajiri mmoja aliponikabidhi chumba chake cha simu pale Ifakara, watu walicheka sana. Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi hatujaziona. Tulikuwa na simu moja mezani, mabinti wawili wa kuipokea kwa zamu, benchi la wateja, na mama mmoja mwenye baiskeli wa kupeleka ujumbe. Msimamizi mimi. Na kusimamia kwenyewe ni kusikiliza lawama. Laini ikikatika, kosa langu. Mume asipopiga, kosa langu. Mzee mmoja aliniandama wiki nzima eti sauti ya mwanawe nimeibadilisha. Haya, tuyaache hayo.

Utaratibu ulikuwa hivi: mtu wa mbali anapiga, anamtaja anayemtaka na saa atakayopiga tena, kisha mama wa baiskeli anakwenda kuita. Ila habari za kifo hazikupanda baiskeli. Kwetu msiba anaupeleka mtu mzima kwa miguu, na hausemi wote kwa mara moja, anaanza na "anaumwa kidogo." Basi misiba yote niliibeba mimi. Mabinti nao niliwakataza: kwenye simu msimtajie mtu kifo hata akilia, mwambieni apige baadaye, mzee, ndiye mimi, atamweleza. Nikajiona nimepanga vizuri kweli.

Asubuhi moja akapiga kijana kutoka Afrika Kusini. Miaka saba alikuwa kimya, kwao wakidhani kafa. Alimtaka mama yake, bibi mmoja wa Lumemo. Akasema atapiga saa nne, kesho anahama hapo alipo, na namba ya kumpata hana. Mama wa baiskeli hayupo, amehamia dago, kule mashambani ng'ambo ya mto tunakokaa msimu wa mpunga. Nikasema potelea mbali, nakwenda mwenyewe. Nilikwenda kwa furaha, nikiimba njiani. Akili hiyo niliitoa wapi, sijui.

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona tu, ungo ukamtoka mikononi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alipiga yowe, na mtaa mzima ukaitika.

"Jamani, si msiba! Mwanao yuko mzima, anakupigia simu saa nne!"

Jirani yake akanishika mkono. "Kaka, sema tu. Sisi watu wazima."

"Mzima, nakuapia!"

"Mzima! Hata shemeji yangu ulisema anaumwa kidogo, tukamkuta tayari kaburini. Wewe mdomo wako tunaujua."

Kweli nilisema. Kila nilivyoapa, ndivyo walivyozidi kulia. Wanaume wakaanza kukusanya kuni za matanga. Bibi kajilaza chini, anamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Mpaka nimempata mjumbe wa nyumba kumi, akamwinua bibi, akaniambia, "Tutakwenda, na ukiwa umetudanganya utakiona," jua lilikuwa limeshapanda sana.

Tulifika ofisini saa nne imepita. Nyuma yetu kundi la wanawake, kanga viunoni. Binti wa zamu alipomwona bibi anatembea kwa miguu yake, akajishika kichwa. Nikamvuta pembeni.

"Amepiga?"

"Amepiga. Ila muuza vitumbua alishapita hapa akisema kwa yule bibi kuna msiba, nikajua bibi ndiye kafa. Yule kaka wa Afrika Kusini akauliza, mama yuko wapi? Nikamwambia kama ulivyotufundisha, apige baadaye, mzee atamweleza."

"Akasemaje?"

"Akauliza, mzee mwenyewe amekwenda nyumbani kwetu? Nikasema ndiyo. Akasema, basi dada, nimeelewa. Akakata."

Kijana ni wa huku huku. Ataachaje kuelewa?

Bibi nilimwambia laini imekatika. Akaketi kungoja. Kesho yake akaja, na keshokutwa yake, akawa anakuja kila siku na ukili wake anasuka mkeka, simu ikilia anasimama. Wateja wakamzoea. Mvua zikaja, mto Lumemo ukafurika, akapita kwenye maji akaja. Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo huko aliko kanyoa nywele, ananililia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nipo hapa, asubuhi nimekula ugali na perege." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Ungeniambia siku ile ile, mwanangu. Nimekaa miezi yote hii nikidhani atapiga. Nani anampigia simu maiti?"

Akakunja mkeka ambao haujaisha, akaondoka. Binti wa zamu alitoka nyuma yake ili amsindikize, bibi akamkatalia.

Hatukupata kujua kijana alikohamia.