Mataruma arobaini na matatu ya Mzee Kombo

Saa mbili asubuhi, Kombo Ussi anainama juu ya reli, anagonga taruma, ubao unaolalia reli, kwa nyundo, anasikiliza. Ubao ukilia vizuri, anasonga mbele. Ukilia kama gunia la unga, anautia alama ya chokaa. Hadi anafika mwisho wa njia, alama zimefika arobaini na tatu.

"Mwaka jana zilikuwa kumi na moja," anasema. "Mchwa hawana Ijumaa."

Reli hii ina upana wa sentimita sitini tu. Inatoka ndani ya shamba la minazi karibu na Kiegeani, kilomita tatu hadi barabara ya Kilindoni. Kombo, mwenye miaka sitini na moja, alisimuliwa na baba yake kwamba ilitandikwa enzi za ukoloni, toroli za nazi zikivutwa na punda. Siku hizi toroli imebaki moja, na anayeisukuma ni yeye.

Masika iliyopita maji yalikata njia ya magari. Mwanahalima, mfuaji nazi wa shambani, akashikwa na uchungu. Kombo akamlaza kwenye toroli juu ya makumbi ya nazi, akasukuma. Katikati ya safari taruma likavunjika, gurudumu likatumbukia.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, tulia hivyo hivyo.' Nikaingiza mtaimbo, nikainua reli, nikatia gogo. Nikasukuma tena mpaka barabarani."

Mtoto alizaliwa salama Kilindoni. Tangu hapo watu hupanda toroli bila kuuliza, na hilo ndilo linalomnyima Kombo raha.

Zamani mataruma yalikuwa ya mikoko. Tangu hifadhi ya bahari ianzishwe, miaka kumi na miwili sasa, mikoko haikatwi ovyo. Kombo hutumia minazi iliyokufa, nayo huoza upesi.

Leo amekuja Fortunatus, msimamizi mpya kutoka bara. Mwenye shamba anafikiria kung'oa reli aiuze chuma chakavu.

"Shikamoo, mzee. Nimwandikie nini mwenye shamba? Ni salama?"

"Marahaba." Kombo anaiweka nyundo chini. Akisema ni nzima, itabaki, na siku moja itaumiza mtu. Akisema kweli, huenda ikaondoka.

"Si salama," anajibu. "Arobaini na matatu yameoza. Twende ukayaone."

Wanatembea njia nzima. Fortunatus anapiga marufuku kupakia watu. Mwisho wa mwezi reli itang'olewa, isipokuwa kama mataruma yote yaliyooza yatakuwa yamebadilishwa. Anamruhusu Kombo kupasua miti ya mivinje iliyoangushwa na upepo mpakani mwa shamba.

"Ungemwambia kumi tu," analalamika Mwanaharusi, mke wa Kombo.

"Na la kumi na moja likivunjika, nani atakuwa amelala juu ya toroli?"

Kombo anashika msumeno, anatazama mawingu.

"Matatu kwa siku, siku kumi na tano. Mwezi umebakiza siku kumi na nane. Mvua ikinila siku nne, nimekwisha," anasema. "Nikiwahi, Fortunatus atapanda yeye mwenyewe. Nitamsukuma mpaka barabarani, ndipo aandike."