Shangazi Wangu Wawili

Wapendwa, natangaza kwa heshima zote kwamba nina shangazi mmoja, lakini wiki iliyopita walikuwa wawili.

Wa kwanza ni muuguzi. Anavaa ndala, ana sauti ya kengele ya shule, na kila asubuhi humpa babu kidonge cha presha.

Wa pili alitokea kwenye video, simuni mwa babu. Uso ule ule, sauti ile ile, hata mwanya wa meno. Anauza unga wa mizizi. "Vitupeni vidonge vya presha. Mimi muuguzi nawaambia."

Babu akavitupa. Dirishani.

"Baba, huyo si mimi! Wamenitengeneza kwa kompyuta!"

"Huyu ananiita mzee wangu mpendwa. Wewe unanifokea. Muuguzi ni yupi hapo?"

Nikacheka. Babu akainuka, akayumba, akashika ukuta.

Kicheko kikanikauka.

Shangazi akairipoti ile video. Kampuni ya mtandao ule ikajibu: "Tumeichunguza. Haikiuki kanuni zetu."

Akaripoti tena. Haikiuki. Na juu ya video pameandikwa: tangazo la kulipiwa.

"Kumbe wanalipwa kwa uso wangu," akasema, akajibwaga kitini.

Sasa, mimi nimelelewa bwenini. Kule paa likivuja, lalamika mpaka uote mizizi. Ila chora masharubu kwenye picha ya mkuu wa shule uone: ofisi nzima inahamia kitandani kwako.

Basi nikaichukua video ile ile. Sikugusa neno. Nikabandika tu nembo ya kampuni kwenye paji la uso la shangazi bandia, nikairusha mtandaoni.

Chai ya babu haijapoa, video yangu imefutwa! Na akaunti yangu ikafungwa: "Umetumia nembo yetu bila idhini."

Babu akavaa miwani, akasoma polepole.

"Na ile ya kuniua mimi?"

"Hiyo hapo, babu. Bado inacheza."

Babu akavua miwani.

"Kumbe macho wanayo." Akamgeukia shangazi. "Mwanangu, lete kidonge. Halafu vaa viatu vya maana, tunatoka."

Naandika haya kwa simu ya shangazi, tukiwa kwenye benchi la mamlaka ya mawasiliano. Majibu yote ya kampuni tumeyachapisha kwenye karatasi. Babu amegoma kuondoka mpaka wenye kampuni waitwe.

"Mzee, rudi kesho," ofisa anambembeleza.

"Kesho nitakuja na mto."

Funzo, wapendwa: mwenye duka anayekurukia ukigusa kibao chake mlangoni, asituambie haoni sumu anayoiuza ndani.